Barua ya wazi ku bakubwa ba mupira ba Lubumbashi: lamande (faini) ya shoseti iko, ya matusi iko wapi?

Jambo yenu bote, ba papa na ba yaya benye munasimamia mupira hapa kwetu Lubumbashi, kuanzia komite za mu kartie mpaka kule juu kabisa. Heshima yenu ninaiweka mbele. Miye ni mama wa batoto batatu, ninaikalaka Katuba, asubui ninauzishaka samaki ku soko, na mangaribi ninafundishaka babinti mupira ku kiwanja moja ya bulongo nyekundu, yenye mvua ikinyesha tunacheza paka mu matope. Zamani nilicheza miye mwenyewe, beki ya kushoto, na goti yangu ingali inanikumbusha kila baridi ya mwezi wa sita. Ninasema hii yote juu musifikiri ni mutu wa politiki ao wa ONG njo anaandika. Hakuna mutu ananilipa, hata mega ya kutuma hii barua ninanunua na faida ya samaki yangu, tomsoni.

Ninaandika juu mwezi wa tano ilifika tena, na munajua vile mwezi wa tano inakuwaka. Tarehe 17 ni siku ya dunia ya kupinga chuki ya mashoga, basi kule Ufaransa ligi inavalishaka bachezaji namba za rangi ya upinde wa mvua ao bajé (alama) ku mukono, na huku kwetu bita inaanza mu nganda (baa), mu taxi-bus, mu ma-groupe ya WhatsApp, ba vokali za dakika saba saba, pasta anajibu, mutoto wa univ anamujibu pasta, mpaka mutu anatoka mu groupe. 2022 ilikuwa juu ya Idrissa Gueye, Musenegali wa PSG, timu ya Paris, hakuonekana ku mechi ya Montpellier, kocha akasema ni sababu zake mwenyewe, na Prezida Macky Sall akaandika kumutetea. 2023 Toulouse iliacha bachezaji inje juu habakutaka kuvala ile namba, na Nantes ikamupiga Mostafa Mohamed, Mumisri, lamande. Kisha 2024 njo ikakuya ile kubwa ya Mohamed Camara, Mumali wa Monaco. Tarehe 19 mwezi wa tano, mechi na Nantes, alibandika skochi nyeupe juu ya ile bajé, akacheza, akatia penaliti, bakashinda 4-0, akarudi nyumbani. Waziri wa michezo wa kule akalomba apewe azabu ya nguvu kabisa, ligi ikamufungia mechi 4, na federasyo ya Mali ikasimama nyuma ya mutoto wabo.

Ile mangaribi habari ya mechi 4 inafika, tulikuwa fasi shemeki yangu anachomaka michopo (nyama ya mbuzi). Ah, ile kelele! "Huyu njo mwanaume!" Mutu mumoja alipiga meza mpaka chupa ya Simba ikaanguka, hakuiangalia hata. Bote banasema Bazungu banataka kutuaribia batoto, bote banasema angekuwa mutoto wetu tungemujengea sanamu. Miye ninakamata sahani yangu ninasikiliza, nimechoka, nilikuwa niko tayari kubapinga bote. Njo muzee mumoja mwenye zamani alitumika Gécamines, kampuni ya migodi, mwenye hasemake mingi, akauliza polepole: "Sasa ule Camara alitukana nani?"

Kimya.

"Hakutukana mutu, muzee, alibandika tu skochi."

"Sasa mechi 4 ni za nini?"

Hakuna mwenye alimujibu, na miye pia sikumujibu, lakini ile swali nilienda nayo kulala. Juu hapa nitasema kintu yenye batu ba pande zote mbili habatapenda: kama ningekuwa mu ile komisyo ya Ufaransa, Camara ningemuachia, ao ningemupa onyo tu. Mutu anakatala kubeba ujumbe ya kazi yake ku mukono, ni mambo yake na muajiri wake. Hakumufokea mutu. Kunyamaza haijaua mutu.

Lakini mukumbuke kintu ingine, yenye mu nganda yetu hakuna mutu alipiga meza juu yake. Mwezi wa kenda 2023, PSG na Marseille kule Parc des Princes, 4-0 tena. Randal Kolo Muani, mwenye bazazi bake ni ba hapa Congo, na shee tunamuitaka mutoto wetu hata kama anavala jezi ya Ufaransa, alitia bao. Mechi inaisha, yeye na Hakimi na Dembélé na Kurzawa bakaenda mbele ya basuporta bakaimba nabo wimbo ya kutukana Marseille, na ile tusi mulikuwa mulemule, tusi ya "pede", ya kumuita mutu shoga. Ligi iliwapa nini? Mechi moja ya sirsi. Sirsi maana yake hautumikie azabu paka ukirudilia, ni kusema balienda nyumbani mikono mitupu, bakalala bizuri. Mwenye alinyamaza mechi 4, benye baliimba matusi mbele ya dunia nzima sufuri. Ile mizani ya Bafaransa iko na kilema, na miye sitaki muilete hapa kwetu vile iko. Ninataka mutengeneze yenu, na mu yenu muweke uzito fasi yenye inastahili, juu ya mudomo.

Na pale njo shida yetu iko. Hapa kwetu mudomo haina bei.

Batoto ba hapa banafwata NBA, ligi ya basket ya Amerika, na haiwezi kukosa, Bismack Biyombo alizaliwa humu humu Lubumbashi. Basi niwambie mambo ya NBA. 2011 Kobe Bryant alimuita arbitri Bennie Adams ile tusi, camera ikakamata mudomo yake, ligi ikamupiga lamande ya dola 100.000. Dola elfu mia moja juu ya neno moja! Na hakuwa mutoto mudogo, ilikuwa Kobe. Alilomba samaa (musamaha), na 2013 yeye mwenyewe akamukemea mutu ku Twitter mwenye alikuwa anatumia neno "gay" kama tusi, na mutu akimukumbusha ya kwake, alikubali kama alikosea. 2007 Tim Hardaway, yeye alishakuacha kucheza, alisema ku radio anachukia mashoga, ligi ikamufukuza ku sherehe ya All-Star ya Las Vegas, na huyu pia kisha ya miaka alibadirika akaanza kubatetea. Mimi siwezi kusema ni lamande njo ilibadirisha roho yabo. Lakini ilibasimamisha, na mutu akisimama anapata wakati ya kuangalia fasi alikanyaga.

Yenye inanigusa zaidi ni ya 2015, Rajon Rondo. Alimutukana arbitri Bill Kennedy, tusi ni ile ile, akafungwa mechi moja tu. Siku kidogo kisha, Kennedy akasema mbele ya batu: kweli, miye njo vile niko. Muwaze ule muzee. Miaka mingi anapuliza filimbi, anasikia ile neno kila siku, kila mutu anafikiri ni neno tu ya moto ya mechi, kumbe iko mwili yenye inaingia ndani.

Niseme kweli, na miye nilishakuitumia. Ilikuwa zamani, arbitri alitunyima penaliti, nikamuita vile mbele ya bibi yake mwenye alikuwa amemubebea chakula. Sikujua neno ingine ya kumuumiza, nikakamata ile yenye ilikuwa karibu. Hakunipa hata karto. Mu raporo yake hakuandika kintu. Bibi yake aliniangalia tu, na ile macho ningali nayo mpaka leo.

Sasa nifike ku yenye ilinifanya nikamate kalamu. Mwaka jana mu tournoi moja ya kartie, sitaitaja, na komite yenye ilisimamia sitaitaja, balitulomba babinti bangu bacheze mechi ya kufungua mbele ya ba wanaume. Tulifurahi sana. Golikipa yetu alikuwa na miaka 16, murefu, nywele amekata fupi juu ya joto na juu ya pesa ya kusuka, na alikuwa na bagan ya mikono yenye yaya yake alimununulia Kasumbalesa, mupya kabisa. Kipindi ya kwanza hakuachia hata bao. Pale pa mapumziko, muchezaji moja wa ekipe ya wanaume, mutu mukubwa, mwenye batoto banamujua na kumuimbia jina, alikamata mikro ya animatere (mutangazaji) akasema, na ba baffle zote mbili zikatoa kwa nguvu: "Huyu golikipa si binti, huyu njo bwana ya bale benzake bote!"

Kiwanja yote ilicheka. Ninasema yote, na ba mama bauza maji, na batoto juu ya ukuta. Arbitri alicheka. Mutu mumoja wa komite alikuwa amekaa pale mu kiti ya plastiki, kiko na muamvuli juu yake, akacheka mpaka akapangusa macho.

Golikipa yetu alikuwa karibu yangu. Hakulia. Alikuwa tu anafungua na kufunga ile skrachi ya gan yake ya kushoto, krrr, krrr, krrr, anaangalia chini. Kipindi ya pili alitiwa mabao matatu. Mutu alifilimu, mangaribi ile ile ilikuwa mu statu za watu, kesho yake baba yake akaiona. Siku ya pili alikuya mudogo wake kunirudishia jezi na bagan, akasema papa alikatala, yaya hatacheza tena.

Niliandika barua na mukono, kurasa mbili, nikafanya kopi, nikaipeleka ku komite. Balinipokea muzuri, hiyo siwezi kukatala, balinipa kiti. Lakini jibu ilikuwa: "Mama, ile ni masolo tu ya mupira, na sheria yetu haina fasi ya hiyo." Kisha moja akaongeza, na sauti ya kunisaidia, kama mutu anakushauri: "Na ukitetea mingi hii mambo, batasema na weye." Nikarudi nyumbani na ile ushauri. Na balisema kweli! Juma ingine bwana yangu akaulizwa mu kazi kama bibi yake anafundishaka babinti nini hasa.

Lakini yenye ilinimaliza ni hii. Juma yenye ilifwata, ekipe yetu ilipigwa lamande ya franka elfu kumi na tano juu babinti batatu balivala shoseti nyeusi na benzabo nyeupe. Sheria ya shoseti iko. Iko na namba, iko na bei, balinionyesha na kidole. Nililipa na risiti ningali nayo.

Ba papa, munakumbuka mwezi wa kwanza 2024? San Pédro, Kombe la Afrika, shee na Morocco 1-1, muchezaji wetu Chancel Mbemba na Regragui, kocha wa Morocco, bakakamatana maneno, na usiku ile batu bakajaza Instagram ya Mbemba na matusi ya rangi yake, ya nyani, ya nini. Lubumbashi yote ilichemka. Radio zote. Na ninyi mulichemka, ninakumbuka vokali zenu, mulisema mutu hawezi kutukanwa vile Mungu alimuumba, federasyo isimame, CAF, ile ya mupira ya Afrika, isimame. Mulisema bizuri kabisa. Na siku 17 kisha, nusu fainali kule Abidjan, bachezaji betu bakaweka mukono ku mudomo na vidole ku kichwa wakati ya wimbo wa taifa juu ya ndugu zetu ba mashariki benye banakufa na dunia imenyamaza, tukalia bote mbele ya televizyo. Basi tunajua. Tunajua neno inaweza kufanya nini, na kunyamaza ya bakubwa inaweza kufanya nini. Hatuwezi kusema hatujui.

Nitasikia: mama, rangi na hii mambo si moja. Sawa. Sikuye kuwapa katekisimo. Katiba yetu ya 2006, kifungu ya 40, inasema ndoa ni na mutu wa jinsia ingine, na hii barua haigusi pale. Muende ku misa, mwende ku kanisa ya uamsho, mufikiri yenye munafikiri. Siwalombi bajé, siwalombi rangi ya upinde ku mukono ya mutu. Na kwa yule binti wangu, ni nani anajua anapenda nani, alikuwa na miaka 16, anapenda kudaka mupira. Tusi ilimupata paka juu ni murefu na hana nywele. Njo vile hii tusi inafanyaka, haiulizi kitambulisho. Inapiga arbitri mwenye bibi na batoto, inapiga muchezaji mwenye alikosa penaliti, inapiga kila binti mwenye alivala krampo.

Na kwa mwenye ni vile kweli, inapiga zaidi. Eudy Simelane alicheza Banyana Banyana, timu ya taifa ya Afrika Kusini, hakuficha kama anapenda wanawake, 2008 batu balimuua pale kwabo KwaThema. Haikuanza na kisu.

Nikumbushe tena Mazembe ya babinti. Mwezi wa 11 2024, kule Morocco, balishinda FAR, timu ya kule, 1-0 bakaleta Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake hapa Lubumbashi. Muji ilitoka inje, ma-pikipiki, firimbi, ba papa wale wale banabeba bandera. Muulize bale babinti bote, moja moja, waliitwa nini walipokuwa na miaka 14 mu kiwanja za bulongo. Bote batawapa jibu moja. Na muhesabu bengine wangapi balirudisha bagan mbele ya kufika pale, miye ninajua mumoja.

Sheria mutasema hakuna. Iko. Katiba ya FIFA, kifungu ya 4, inakataza kubagua mutu, na imeandika rangi, dini, jinsia, na hii pia ya mutu anapenda nani. Kitabu ya nizamu ya FIFA ya 2019 ilisema mutu mwenye anavunja heshima ya mwengine juu ya hayo afungwe mechi 10 kwenda juu. Na arbitri iko na ngazi tatu: anasimamisha mechi, ikiendelea anabatosha bachezaji, ikiendelea tena mechi inakufa. Mexico ilishacheza bila basuporta juu ya wimbo ya matusi ya namna hii. Shee tuko mu FECOFA, federasyo ya mupira ya Congo, FECOFA iko mu FIFA, basi hii haina mambo ya kuagiza Ulaya, ni karatasi yenye tulishasaini.

Mechi 10 ku tournoi ya kartie ni mingi, ninajua, tournoi yenyewe haina mechi 10. Mufanye ya kwenu. Muandike mustari moja tu, pembeni ya ile ya shoseti: mwenye anamutukana mwengine juu ya umbo yake, kabila yake, ao kusema ni pede, ni lesbiene, iwe muchezaji, kocha, animatere, atakaa inje mechi fulani. Mupatie ba arbitri ruhusa ya kuiandika mu raporo bila kuchekwa. Mikro isiwe ya kila mutu. Na mwenye alitukana na mikro alombe samaa na mikro, mbele ya kiwanja ile ile, haina mu ofisi na soda ku meza. Hii ya mwisho njo ninaitaka zaidi, kuliko mechi, kuliko pesa. Yule muchezaji nilikutana naye ku soko mwezi jana, akanisalimia "mama kocha" na kicheko, akanunua tomsoni mbili. Si mutu mubaya. Hakuna mutu alishakumwambia kama ile siku alifanya kintu.

Bagan ziko mu mufuko yangu na mipira, nilizipangusa, skrachi ya kushoto ilianza kuchoka. Mazoezi ni siku ya tatu na siku ya tano, saa kumi. Baba yake anapitaka pale akitoka kazi, anasimama kidogo ku kona, kisha anaenda.

Siku ya kwanza saa tatu nitakuwa ku mulango ya ofisi na hii barua mu karatasi, kopi mbili. Moja ni yenu. Ingine munipigie kashé na tarehe, juu ile ya kwanza balinijibu iko mu meza ya mutu mwenye alienda konje (likizo).

Mama kocha wa Katuba